Usianze na mtori: mwongozo kamili wa kula upya baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

Mgonjwa akirudi nyumbani Uchagani, sufuria ya mtori (supu nzito ya ndizi na nyama) inakuwa tayari jikoni. Kwa Wameru na Waarusha ataletewa loshoro (mahindi yaliyochanganywa na mtindi) au uji mzito wa maziwa. Vyakula hivi vimewainua waliojifungua na majeruhi kwa vizazi vingi, na vimekusudiwa kazi moja: kumrudishia mtu mwili. Aliyepasuliwa ili apungue anahitaji kinyume chake, yaani protini nyingi ndani ya chakula kidogo mno.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Mtori unateleza, haukwami kifuani, hautapishi, na kila anayeuguza anafurahi kuona bakuli limeisha. Miezi mitatu baadaye nywele zinapukutika kupita kawaida, mwili hauna nguvu, uzito umegoma kushuka, na lawama zinamwangukia daktari.

Mwongozo huu ni wa waliofanyiwa slivu (sehemu kubwa ya mfuko wa chakula inakatwa na kuondolewa, kinabaki kifuko chembamba cha kama 100 hadi 150 ml) na baipasi (kifuko kidogo cha kama 30 ml kinaunganishwa moja kwa moja na utumbo). Waliowekewa puto tumboni wana ratiba yao nyingine. Na pale karatasi uliyopewa na daktari wako inapotofautiana na maelezo haya, fuata karatasi.

## Dalili zisizosubiri kesho

Tunaanza na hizi kwa sababu wiki mbili za kwanza hatari kubwa ni mshono kuvuja. Nenda hospitali usiku huohuo ukiona lolote kati ya haya:

- mapigo ya moyo yanazidi 120 kwa dakika ukiwa umetulia
- homa ya nyuzi 38 au zaidi
- maumivu ya tumbo yanayoongezeka badala ya kupungua, au maumivu mapya ya bega la kushoto
- kupumua kwa shida, au mguu mmoja kuvimba na kuuma
- kutapika damu, au kinyesi cheusi chenye kunata
- kushindwa kubakiza hata maji kwa siku nzima

Nenda hospitali kubwa yenye madaktari wa upasuaji, kama KCMC kwa aliye Moshi au Mount Meru kwa aliye Arusha. Duka la dawa la mtaani si mahali pake. Beba karatasi ya kuruhusiwa, na sema mapema aina ya upasuaji na tarehe yake. Mwambie pia anayetaka kupitisha mpira puani kwamba una mshono tumboni, maana mpira uliosukumwa bila kuona unaweza kuutoboa.

Jambo moja zaidi, ambalo ndugu wanaokuuguza walijue: mtu akitapika kwa siku kadhaa, akiba ya vitamini B1 mwilini huisha upesi. Akianza kuchanganyikiwa, kuyumba akitembea au kuona vitu viwiliviwili, hiyo ni dharura ya ubongo. Dripu ya glukosi peke yake inaweza kuzidisha hali, kwa hiyo mkumbusheni daktari kuhusu sindano ya B1, itangulie au iende pamoja na dripu.

## Vitu vya kuandaa kabla ya upasuaji

Nunua kabla ya kwenda, maana ukirudi hutakuwa na nguvu ya kuzunguka soko la Kilombero wala la Mbuyuni.

Vifaa: vikombe viwili vya dawa vya 30 ml (vile vya plastiki vya dawa ya kikohozi vinatosha), kijiko cha chai, blenda inayosaga nyama, chujio la chuma la matundu madogo, mizani ya jikoni inayosoma gramu, trei ya barafu yenye kifuniko, visosi viwili, chupa ya maji yenye alama za ujazo, na daftari.

Chakula: maziwa ya unga yasiyo na mafuta, mtindi usio na sukari, mayai, kuku, perege au sato, dagaa, maharage au dengu.

Dawa: zile ulizoandikiwa, pamoja na multivitamini, kalsiamu, vitamini D, B12 na madini chuma.

Soma kopo la maziwa ya unga. Lile la kuweka kwenye chai ili ibadilike rangi mara nyingi ni mafuta ya mimea na sukari, na protini yake ni ya kuhesabu. Unalotaka limeandikwa kuwa halina mafuta, na kwenye jedwali la virutubisho linaonyesha protini karibu gramu 35 kwa kila gramu 100.

Unga wa protini wa kopo kubwa kutoka nje? Ukiwa na pesa, sawa, unarahisisha kazi. Fedha ikiwa ya kuhesabu, nunua blenda nzuri na mizani. Kuku, dagaa na maziwa vitakufikisha palepale.

## Hatua ya 1: Maji mepesi (siku 1 hadi 2)

Mara nyingi hatua hii inaishia hospitalini. Unakunywa maji, supu iliyochujwa ikabaki maji tu, na chai nyepesi isiyo na sukari.

Kipimo ni kikombe kimoja cha 30 ml kwa dakika 15, kwa funda ndogondogo. Hiyo ni 120 ml kwa saa. Ukiwa macho saa 14, unafikisha karibu lita 1.7, na lengo la siku ni lita 1.5 hadi 2.

Usitumie mrija, kwa kuwa unavuta hewa. Soda na maji ya gesi ni marufuku, hata gesi ikiwa imepulizwa ikatoka.

Umefanikiwa ukiona: mkojo ni wa njano hafifu na unakojoa angalau mara nne kwa siku. Mkojo ukiwa wa kahawia, unadaiwa maji. Mwezi wa sita na wa saba Arusha ina baridi, na watu husahau kunywa. Kunywa maji ya uvuguvugu, yanapita vizuri kuliko ya baridi.

Kwa anayerudi kwa basi kutoka Dar es Salaam: safari inakula siku nzima, na kukaa bila kusogea baada ya upasuaji kunaalika damu kuganda miguuni. Muulize daktari kama uko tayari kusafiri. Ukiruhusiwa, basi likisimama Korogwe teremka utembee, na chupa yako ya maji iwe mkononi wakati wenzako wanakula chipsi kuku.

## Hatua ya 2: Vinywaji vizito (mpaka siku ya 14)

Sasa protini inaanza. Kinachoruhusiwa ni kile kinachopita kwenye chujio bila kubakiza chembe.

Maziwa ya nguvu. Chukua maziwa nusu lita, yachemshe, yaache yapoe kabisa, kisha toa utando wote wa mafuta uliogandia juu. Koroga ndani yake vijiko vinne vya chakula vya maziwa ya unga yasiyo na mafuta. Unapata protini kama gramu 26 ndani ya nusu lita ileile. Yakikuletea gesi na kuhara, huenda tumbo lako halipatani tena na sukari ya maziwa. Hilo hutokea sana baada ya upasuaji huu. Hamia kwenye mtindi uliolegezwa kwa maji, wengi huumudu.

Mtindi uwe umetengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa. Ule wa kibuyu uliogandishwa mbichi ni mtamu, lakini unaweza kubeba vijidudu vya homa ya brusela na vya kifua kikuu, na mwili wako kwa sasa hauna akiba ya kupigana.

Supu ya kuku yenye kuku ndani. Kosa la kila siku ni kuchemsha kuku, kumpa mgonjwa maji yake na kuwagawia watoto nyama. Maji ya kuku yana chumvi na harufu nzuri. Protini imebaki kwenye nyama. Saga nyama nyeupe gramu 50 pamoja na supu 200 ml, chuja mara mbili, kunywa polepole ndani ya nusu saa.

Uji. Ndiyo, unaweza, kwa masharti. Kijiko kimoja tu cha unga wa ulezi kwa kikombe kizima cha maziwa ya nguvu, bila sukari, bila siagi. Hapo ulezi unaleta ladha tu. Chakula chenyewe ni maziwa. Ule uji wa lishe wenye unga wa nafaka saba, karanga na vijiko vinne vya sukari mpe mtoto.

Tahadhari: ikifika siku ya nane au ya tisa wengi hujisikia vizuri na kujaribu kipande cha ndizi iliyoiva au mkate uliolowekwa kwenye chai. Maumivu yamekwisha lakini mshono haujapona. Chakula kigumu kinaweza kukwama na kukutapisha, na kutapika kunatanua palepale paliposhonwa.

## Hatua ya 3: Rojo (wiki ya 3 na ya 4)

Hii ndiyo hatua inayoangusha watu wengi kuliko zote, kwa hiyo tutakaa nayo.

Rojo ni chakula kilichosagwa kikawa laini kabisa, kisicho na chembe, kinachodondoka kwenye kijiko polepole. Jaribio lake: chukua kidogo, kisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukihisi uzi au punje, rudisha kwenye blenda.

### 3a. Rojo la kuku

1. Chemsha nyama ya kuku isiyo na ngozi mpaka iachane yenyewe. Kuku wa kienyeji anahitaji muda mrefu. Ukiwa na haraka tumia wa kisasa.
2. Pima nyama iliyoiva gramu 100. Ina protini kama gramu 28.
3. Ikate vipande vya ukubwa wa punje ya harage, ukikata kinyume na nyuzi za nyama. Ukiruka hapa blenda itakuachia nyuzi ndefu zinazojifunga pamoja na kukwama.
4. Ongeza supu ya moto 80 ml na usage dakika mbili. Nyama iliyopoa inasagika vibaya, inakuwa kama mchanga.
5. Pitisha kwenye chujio kwa mgongo wa kijiko. Kinachobaki juu kitupe.
6. Jaza kwenye trei ya barafu, funika, gandisha. Kwa trei nyingi kila tundu ni karibu 30 ml. Pima la kwako kwa kikombe cha dawa.

Mlo mmoja ni matundu mawili, yaani protini kama gramu 9. Umeme ukikatika kwa muda mrefu na rojo likayeyuka, usiligandishe tena.

### 3b. Rojo la perege

Perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu ni mtamu na nyama yake ni laini, ila miba yake ni midogo. Mchemshe na ndimu na kitunguu kidogo, toa ngozi, toa miba, kisha rudia kuipapasa nyama yote kwa vidole mara ya pili kabla ya kusaga. Blenda haimalizi mwiba, inaukata tu ukawa mfupi na mkali. Kiasi cha supu ni kilekile: 80 ml kwa gramu 100.

### 3c. Unga wa dagaa

Ondoa vichwa na matumbo, maana huko ndiko uchungu na mchanga vinakokaa. Osha kwa maji ya moto mara tatu, kausha, kaanga bila mafuta mpaka dagaa wavunjike kwa kidole, saga, chekecha. Kijiko kimoja cha chakula kinakupa protini kama gramu 4, na kinachanganyika kwenye rojo lolote. Kwa bei, unga huu ni miongoni mwa protini nafuu hapa kwetu.

### 3d. Maharage na dengu

Loweka usiku kucha, mwaga maji, pika mpaka yapondeke kwa ulimi, saga, chuja maganda yote. Usitie magadi. Tunajua yanaharakisha maharage na makande, lakini magadi yanaharibu vitamini B1, na wewe ndiye mtu usiyeweza kuipoteza. Ongeza muda wa moto badala yake.

### Siku moja ya hatua ya 3 ikoje

Saa 1 asubuhi: yai moja la kuvuruga, laini, kwa moto mdogo (gramu 6).
Saa 4: maziwa ya nguvu 200 ml (gramu 10).
Saa 7 mchana: matundu mawili ya rojo la kuku na kijiko cha unga wa dagaa (gramu 13).
Saa 10 jioni: mtindi 150 ml uliokorogwa na kijiko kimoja cha maziwa ya unga (gramu 7).
Saa 1 usiku: matundu mawili ya rojo la perege (gramu 9).
Saa 3 usiku: maziwa ya nguvu 300 ml, kwa funda ndogo (gramu 15).

Jumla ni gramu 60, na hicho ndicho kiwango cha chini. Wengi huelekezwa kufika kati ya 60 na 80. Angalia tena orodha: hakuna ndizi, hakuna viazi, hakuna uji. Hapakuwa na nafasi yake. Bakuli la mtori lingechukua nafasi ya milo miwili na kukuachia gramu chache tu.

Yai huwagomea baadhi ya watu majuma haya. Jaribu kijiko kimoja cha chai kwanza, subiri nusu saa. Likigoma, liache wiki moja kisha jaribu tena.

### Kanuni ya maji na chakula

Kuanzia hatua hii, maji na chakula havikutani. Acha kunywa dakika 15 kabla ya kula, na usinywe mpaka dakika 30 zipite baada ya kumaliza. Sababu ni mbili: kifuko hakina nafasi ya vyote, na maji husukuma chakula kishuke haraka, ukahisi njaa mapema na kula zaidi. Tabia ya kushushia kila tonge kwa maji au chai ndiyo ngumu kuvunja kuliko zote. Ondoa glasi mezani kabisa.

Umefanikiwa ukiona: unamaliza vijiko viwili hadi vinne vya chakula kwa dakika 20 hadi 30 bila kubanwa kifua wala kucheua povu.

## Hatua ya 4: Vyakula laini (wiki ya 5 mpaka ya 8)

Chakula kinachofaa ni kile kinachopondeka kwa mgongo wa uma. Nyama ya kusaga iliyopikwa na mchuzi, samaki, yai, maharage yaliyovunjwa, mchicha uliokatwakatwa na kuiva sana, boga, kipande cha papai. Parachichi linafaa, na huku kwetu ni la bei nafuu, lakini ni mafuta: vijiko viwili vya chakula, si tunda zima.

Chakula kipya ni kimoja kwa siku, na kijaribiwe mchana. Kikigoma usiku utalala nacho.

Tonge moja liwe na ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Tafuna mara 20 hadi 25, weka kijiko chini, subiri, ndipo uchukue lingine. Kula protini kwanza, halafu mboga, wanga mwisho kama nafasi imebaki.

Mwili unatoa ishara kabla ya kukwama: kwikwi, makamasi kuanza kutiririka, kupiga chafya, kushusha pumzi ndefu, au uzito nyuma ya mfupa wa kifua. Ishara ya kwanza ikitokea umemaliza kula, hata kama limebaki tonge moja. Tonge hilo moja ndilo linalotapisha.

### Sasa mtori unaruhusiwa, ukigeuzwa

Pika kwa ndizi mshare nusu na nyama laini ya ng'ombe gramu 100 iliyochemka mpaka kuachana. Saga nyama pamoja na supu yake, ponda ndizi uchanganye, toa mafuta yanayoelea, usitie siagi. Kula vijiko vinne hadi sita. Mama mkwe akisema huu si mtori, ana haki. Mwambie: «Mama, daktari amenipa kipimo, nikizidisha mshono utaachia. Niwekee kidogo kwenye kisosi, nitakula mbele yako.» Kula mbele ya mpishi, kidogo na polepole, kunaondoa ugomvi kuliko kukataa. Chakula kikikataliwa bila maelezo, mpishi anaona amekataliwa yeye.

Kwa loshoro, mtindi wake ni mzuri lakini punje za mahindi bado ni ngumu kwako. Subiri hatua ijayo. Kiburu (ndizi zilizopikwa na maharage) kisagwe, na maharage yawe mengi kuliko ndizi.

## Hatua ya 5: Chakula cha kawaida (baada ya wiki ya 8)

Hapa kawaida ina maana ya chakula cha nyumbani kwenye kisosi. Mlo wote ni kama robo mpaka nusu kikombe mwanzoni, ukipanda taratibu kuelekea kikombe kimoja mwaka ukiisha. Nusu ya kisosi iwe protini.

Vinavyosumbua, na kwa nini:

Ugali, wali mkavu, mkate mweupe, chapati. Vikichanganyika na mate vinakuwa donge linalonata na kuziba njia. Anza na ugali laini, vijiko viwili vya chai, ukiwa umechovya kwenye mchuzi. Wale wa supu na chapati asubuhi: supu endelea nayo pamoja na nyama yake, chapati iache.

Nyama choma. Ni kavu na ina nyuzi. Ng'ombe wa kuchoma ndiye mkorofi zaidi; kuku au samaki wa kuchoma mwenye unyevu anapita mapema. Kwenye harusi, ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma) ikiletwa, omba nyama ya karibu na mfupa iliyolainika, na utafune mpaka iishe mdomoni.

Matunda yenye nyuzi. Embe za nyuzi, chungwa lililoliwa na ngozi zake nyeupe, nanasi, nazi. Nyuzi zake hujikusanya zikawa donge gumu tumboni ambalo wakati mwingine hutolewa kwa kamera. Papai na tikiti ni salama zaidi.

Sukari. Juisi ya miwa, soda, chai ya vijiko vitatu. Hasa kwa wa baipasi, sukari hushuka kwenye utumbo kwa kishindo: ndani ya dakika 10 hadi 30 moyo unaenda mbio, jasho linatoka, tumbo linakata, unaharisha. Lala chini, litapita. Kuna aina nyingine inayokuja saa moja hadi tatu baada ya kula, sukari ya damu ikiporomoka: kutetemeka, njaa ya ghafla, kizunguzungu. Hiyo tuliza kwa kitu kitamu kidogo, kisha ufuatishe protini. Ikijirudia, mwone daktari na upunguze wanga kwenye mlo uliotangulia.

Mbege na pombe nyingine. Baada ya upasuaji pombe inaingia kwenye damu haraka na kukaa muda mrefu zaidi. Glasi uliyoizoea haikupimi tena, na usukani usiuguse hata baada ya moja. Miezi sita ya kwanza usiguse kabisa. Wengi huambiwa mwaka. Mbege ina gesi na wanga juu ya pombe, kwa hiyo inakupiga mara tatu.

Mwangalifu wa tarehe atafikiria pia Desemba. Aliyepasuliwa mwishoni mwa Novemba atapanda Moshi kwa Krismasi akiwa bado kwenye rojo, nyumba imejaa na mbuzi wamechinjwa. Beba trei yako iliyogandishwa ndani ya kontena la barafu, na mwambie mtu mmoja mwenye sauti nyumbani, shangazi au kaka mkubwa, akusemee. Usijieleze kwa kila mgeni.

## Vitamini: kila siku, maisha yote

Hili halina hatua ya mwisho. Viwango vinavyotumika sana kwa watu wazima ni hivi, na daktari wako atavirekebisha kwa vipimo vya damu:

- multivitamini kamili yenye B1 angalau miligramu 12
- B12 mikrogramu 350 hadi 1,000 kwa siku kwa kidonge, au sindano ya 1,000 kila mwezi
- kalsiamu miligramu 1,200 hadi 1,500, ikigawanywa mara mbili au tatu. Aina ya sitreti hufyonzwa vizuri zaidi
- vitamini D yuniti 3,000
- madini chuma miligramu 18 kwa wanaume wasio na upungufu wa damu, 45 hadi 60 kwa wanawake wanaopata hedhi na wa baipasi

Kalsiamu na chuma vipishane saa mbili, vinagombania mlango mmoja. Chai na kahawa navyo huzuia chuma, kwa hiyo kikombe chako cha kahawa ya Kilimanjaro kisikutane na kidonge hicho. Pima damu mwezi wa 3, wa 6 na wa 12, kisha kila mwaka.

Nywele kupukutika kati ya mwezi wa tatu na wa sita ni kawaida, na kwa wengi hurudi. Zikizidi kupungua baada ya mwaka, tafuta upungufu wa chuma, zinki au protini.

## Dawa ulizozizoea

Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ya maumivu ziache, hasa kwa wa baipasi: huchimba vidonda pale kifuko kilipounganishwa na utumbo. Tumia parasetamoli. Ukienda duka la dawa sema umepasuliwa tumbo, maana diklofenaki ndiyo inayotolewa kwanza kwa kila mgongo unaouma.

Wa kisukari wanaotumia insulini au glibenklamidi, na wa presha, dozi zenu zirekebishwe kabla ya kutoka hospitali. Chakula kimepungua kwa kiasi kikubwa. Dozi ya zamani inaweza kukuangusha.

Vidonge vikubwa huweza kupondwa wiki za mwanzo, isipokuwa vile vinavyoachia dawa polepole. Muulize mfamasia kimoja kimoja.

Kufunga, iwe Ramadhani au mfungo mkavu wa Kwaresima, kusubiri ruhusa ya daktari. Mwaka wa kwanza huwezi kufikisha maji ya siku ndani ya saa chache za usiku.

Kwa wanawake: uzito ukishuka, hedhi iliyokuwa imepotea hurudi na mimba hushika kwa urahisi. Inashauriwa kusubiri miezi 12 hadi 18. Vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifyonzwe vizuri baada ya baipasi, kwa hiyo ongea kliniki kuhusu kijiti au kitanzi kabla hujarudi nyumbani.